Je, nyanya za aina mbili zikipandwa jirani, mbegu zake huchanganyika?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba lazima zichanganyike. Msimu mmoja nilinunua pakiti ya mbegu, nyanya zikazaa vizuri ajabu, nikakamua mbegu za tunda bora na kuzihifadhi. Msimu uliofuata kila mche ukazaa lake: huu nyanya ndefu, ule za duara, mwingine vijinyanya vichachu. Pembeni kulikuwa na mche wa nyanya ndogo, nikaulaumu huo, nikaung'oa.

Haukuwa na kosa. Mimi nilikuwa nawaza kimahindi. Chavua ya mahindi husafiri na upepo, kwa hiyo ukipanda meupe karibu na ya njano, utamenya hindi jeupe lenye punje za njano msimu huohuo. Nyanya ina tabia nyingine kabisa.

Litazame ua lake kwa karibu. Katikati pana koni ya njano: ni sehemu za kiume zilizoshikana, zikaizunguka sehemu ya kike. Fikiria mwavuli uliokunjwa, kitambaa kikiwa dume na fimbo ikiwa jike, na ncha ya fimbo haijatokeza. Chavua hutokea upande wa ndani. Ua huning'inia kichwa chini, basi tawi likitikiswa na upepo, chavua humwagika kama chumvi kwenye kichupa chake na kuikuta ncha ileile ya fimbo. Ua limejichavusha lenyewe kabla jirani hajabisha hodi.

Tatizo langu lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti: F1, yaani chotara. Chotara hubeba seti mbili za sifa za kurithi, mithili ya karata zisizofanana, moja ya mama na moja ya baba. Zikichangwa upya, kila mbegu hupata mchanganyiko wake. Aina ya asili iliyotulia, kama Money Maker, mbegu ya zamani ya Uingereza inayojulikana sana kwetu, seti zake zinafanana. Changa utakavyo, karata ni zilezile.

Lakini si kila mwavuli hufunika fimbo yake. Baadhi ya aina za kale zenye majani kama ya kiazi mviringo, mfano Brandywine ya Marekani, fimbo hutokeza nje. Joto kali nalo linaweza kuitokeza hata kwenye aina nyingine. Hapo wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao huing'ang'ania koni na kuitetemesha kwa mngurumo, wanaweza kuleta chavua ya jirani. Tunda halitabadilika, kwa sababu nyama yake ni ya mama; utaligundua jambo hilo msimu ujao.

Kwa aina hizo, mimi hukivisha kichala kimfuko cha chandarua kabla maua hayajafunguka, na kila asubuhi nakitikisa kidogo. Vinyanya vikishashika navua mfuko na kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, ili anayechuma mboga ya jioni asiviguse.