Kwa nini kanzu hutoka vizuri na uso hutoka kiza?

Mzee aliitazama picha kwenye simu yangu, kisha akanirudishia. "Hii ni picha ya kanzu," akasema. "Mimi mwenyewe sikuja."

Alikuwa amekaa barazani, kichochoro kimoja nyuma ya ngome ya Lamu, saa nne asubuhi, mgongo kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kanzu nyeupe, kofia ya viua. Hatukuwa tunajuana. Nilimpa shikamoo, nikaomba ruhusa, naye akakubali kwa sharti moja: picha nimtumie dada yake aliyeko Unguja, ambaye hawajaonana miaka mingi. Sasa kila kiua cha kofia kilihesabika, lakini chini ya kofia palikuwa na kiza chenye masikio.

Swali hili nimelijibu vibaya kwa miaka, tena kwa kujiamini. Kwanza nilisema simu yangu ni ya bei rahisi. Nikanunua kamera, nayo ikafanya yale yale, ila kwa ubora zaidi. Kisha nikashika ile kauli inayosemwa sana harusini, kwamba ngozi nyeusi "haikamati picha". Kweli, ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Lakini mlango wa mbao nao ni vivyo hivyo, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba milango ya Lamu haikamati picha. Wageni huipiga kutwa, na nakshi zake zote huonekana.

Halafu nikasoma habari za Kodak, kampuni ya filamu za picha, nikahamia kosa la tatu. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha wa kwanza. Ngozi ya kahawia haikuwa kwenye hesabu. Watu waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosikika zaidi yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka chokoleti chungu isifanane na ya maziwa, na mbao moja isifanane na nyingine. Ni kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hupenda hadithi tamu, lakini kama ndivyo, basi kakao ilisikilizwa kabla yetu. Hasira ikanipanda. Tangu siku hiyo kila uso uliopotea niliuweka kwenye deni la Kodak, hata uliopotelea kwenye simu ambayo haijawahi kuonja filamu.

Mkosaji wa barazani ni mwingine kabisa: kipimamwanga.

Kamera haijui inatazama nini. Kwa mtindo wake wa kawaida, hupokea mwanga unaorudi kutoka kila kitu kilicho mbele yake, huuchanganya, kisha hurekebisha hadi wastani uwe kijivu cha kati. Desturi husema ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, ingawa watengenezaji hawalingani na wengine hukaribia 12 au 13.

Mfikirie mpishi aliyefungwa macho, akaamriwa kwamba kila sufuria itoke na chumvi ya kiasi kilekile. Mletee mchuzi wa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Ataonja, chumvi imezidi, atamimina maji. Ataonja tena, sawa, atafunika. Lakini humo ndani mlikuwa na vipande vya muhogo vyenye chumvi kidogo tu, na maji hayachagui. Ng'onda imekuwa ya kulika, muhogo hauna ladha tena. Chokaa na kanzu ndiyo ng'onda. Uso wa mzee ndio muhogo.

Kwa hesabu: ukuta unaorudisha asilimia 72 ukitakiwa ufanane na kijivu cha 18, kamera itaukata mwanga hadi robo, na uso utapata robo hiyohiyo. Mgeni mweupe akikaa pale pale hukatwa vilevile, ila yeye ana akiba.

Jaribu nyumbani. Jaza kioo chote cha kamera kwa kitambaa cheupe, upige. Kisha jaza kwa buibui jeusi. Mara nyingi vyote viwili vitavuta kwenye kijivu, kimoja kikiwa kama majivu, kingine kama kilichofuliwa mno. Ndiyo maana punda wa Lamu hutoka vizuri kwa mpigaji yeyote, hata asiyejua lolote. Ana rangi ileile ambayo kamera huidhani ndiyo rangi ya dunia.

Simu za siku hizi ni janja zaidi. Hutafuta uso, na huunganisha picha kadhaa ziwe moja. Zinasaidia, japo uso uliozama kwenye kivuli cha kofia huweza kuziponyoka. Hapo gusa uso kwenye kioo, kisha inua ile alama ya jua.

Mimi nilimwomba mzee asogee mlango wa pili, kwenye kivuli, mbao nzee nyuma yake. Mpishi akaonja, akakuta mchuzi umepoa chumvi, akaongeza. Uso ukaja. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili hadi akafika kwenye kovu juu ya nyusi. "Foromali, ule mti wa tanga," akasema. "Tulikuwa tumepakia boriti, tanga likageuka ghafla. Dada atalijua. Yeye ndiye aliyeniosha damu."

Akaisogeza picha juu kidogo, akanyamaza. Kofia ilikuwa doa jeupe tupu.

"Na viua vyangu je, mwanangu? Mke wangu alivishona kwa miezi."

Nilimtumia dada zote mbili.