Fildi katika idara ya kodi: yanayosemwa mabwenini na yanayofanyika ofisini

Kila ifikapo Julai, wanafunzi wa uhasibu, fedha na sheria kutoka IFM, Mzumbe, TIA na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanza kusambaa maofisini kwa mafunzo kwa vitendo. Wanaopata nafasi katika idara ya kodi kwenye zile kampuni nne kubwa, yaani Deloitte, EY, KPMG na PwC, hufika na maneno mengi waliyoyasikia mabwenini. Mengine yanawachelewesha kujifunza, na mengine yamewakatisha tamaa wenzao hata wasiombe.

Linalosemwa sana ni kwamba kodi ni hesabu, na asiye mkali wa hesabu asisogee. Si kweli. Chukua kampuni ambayo vitabu vyake vinaonyesha faida ya shilingi milioni 200. Ndani ya matumizi yake kuna uchakavu wa mali wa milioni 40, uliokokotolewa kwa sera ya kampuni yenyewe, na faini zilizolipwa serikalini za milioni 5. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 haifuati sera ya kampuni. Ina madaraja yake ya uchakavu, na kompyuta kwa mfano ziko daraja la kwanza, asilimia 37.5. Faini nazo haziruhusiwi kupunguza faida. Kwa hiyo unarudisha 40 na 5, unatoa uchakavu wa kisheria, tuseme 55, unabaki na milioni 190. Kodi kwa asilimia 30 ni milioni 57. Mtoto wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo. Kazi ni kufungua leja (daftari la hesabu) ya "gharama nyinginezo", kupita mstari kwa mstari, na kuiona ile faini ambayo mtunza vitabu aliiandika kama gharama ya usafiri. Kazi ni kusoma: kusoma sheria, mikataba na risiti. Ndiyo maana idara hizi huajiri pia wanasheria, na mwanafunzi wa sheria hana sababu ya kudhani mlango umefungwa.

La pili ni kwamba mwanafunzi wa fildi ni wa kutoa kopi na kuchemsha chai. Kopi utatoa, hilo nisikufiche. Lakini kazi ambayo wanafunzi hukabidhiwa mapema ni ulinganishaji wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na ni kazi ya maana sana. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, hutoa ripoti ya Z ya mauzo ya kila siku. Unajumlisha ripoti za mwezi mzima, unaziweka pembeni mwa leja ya mauzo, kisha unatazama kiasi kilichotajwa kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi, iliyopelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Namba tatu hizo zilitakiwa zifanane, na mara nyingi hazifanani. Pengine kuna mauzo ya tarehe 31 yaliyoingizwa kwenye leja mwezi uliofuata. Pengine bidhaa zilirudishwa na mteja, au baadhi ya mauzo hayatozwi VAT kabisa. Kila tofauti inahitaji maelezo na karatasi ya kuithibitisha.

Upande wa manunuzi ndiko fedha zinakopotelea. Ankara ya shilingi milioni 11.8, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara, ina VAT ya milioni 1.8 ndani yake. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kuidai kama manunuzi hayo ni ya biashara yake inayotozwa VAT, lakini iwe na risiti halali, na isipitishe miezi sita. Mwanafunzi aliyegundua risiti inayokosa taarifa za mnunuzi wakati bado kuna muda wa kuomba nyingine amemwokolea mteja fedha halisi. Meneja hukumbuka mambo ya namna hiyo.

Mwezi una mapigo yake pia. Siku saba za mwanzo ni za PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo mengine), na tarehe 20 ni ya ritani ya VAT. Ukiomba ruhusa tarehe 18, usishangae kuulizwa maswali.

Kuna tuhuma nzito zaidi: kwamba idara hizi hufundisha matajiri kukwepa kodi. Haikuzuka hewani. Mwaka 2005 KPMG ya Marekani ilikiri kosa la kuuza mipango haramu ya kukwepa kodi na ikakubali kulipa dola milioni 456. Lakini kukwepa kodi ni jinai, na mshauri wa kodi anayefanya kazi Tanzania lazima awe amesajiliwa na TRA, usajili anaoweza kuupoteza. Sehemu kubwa ya kazi utakayoiona ni kujaza ritani kwa usahihi na kwa wakati, au kumtetea mteja anayeamini amekadiriwa zaidi ya haki. Hapo sheria ni kali: pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 30, na mlipakodi aweke kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kipi ni kikubwa, isipokuwa Kamishna wa TRA amempunguzia. Kwa makadirio ya milioni 900, hiyo ni angalau milioni 300 kabla hajasikilizwa. Anayetafuta nyaraka za kesi kama hiyo anasaidia haki itendeke.

Jambo ambalo naona wanafunzi hawaambiwi vya kutosha ni siri. Chuo kinataka ujaze daftari la kumbukumbu kila siku, na wengi hudhani ukamilifu ni kutaja majina. Hapana. Taarifa za kodi za mteja hazitoki nje ya ofisi, hata kwa msimamizi wako wa chuo. Andika "nililinganisha VAT ya miezi mitatu ya kampuni ya uzalishaji", eleza tofauti za aina gani ulizikuta na ulizitatua vipi. Msimamizi atapata yote anayohitaji kukupa alama. Picha ya meza yako mtandaoni, yenye skrini nyuma, usiipige kabisa.

Kuhusu fedha: kampuni hailazimiki kukulipa, na wanufaika wa mkopo hutegemea fungu la mafunzo kwa vitendo kutoka HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Ajira nayo haiji yenyewe. Wahitimu huchujwa kwa utaratibu wao, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inabaki palepale. Ukitaka kufika na kitu mkononi, soma Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ile inayorekebisha sheria za kodi. Kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, na wiki unayoripoti wewe, mameneja nao bado wanaipitia kifungu kwa kifungu.