Mishipa kukakamaa sio mishipa kuziba, hasa kwa mgonjwa wa dialisisi

Mgonjwa wa dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa, akifariki ghafla utasikia tu "mishipa iliziba, mafuta hayo", na juzi nimeisikia tena kwa dada mmoja anayemuuguza mama yake, kamkataza mama mafuta ya kupikia kabisa lakini dagaa na soda nyeusi mama anapewa kila siku. Hii inaniuma kwa sababu huyu dada anajitahidi kweli, ila nguvu zinaenda kusiko.

Mishipa kukakamaa ni pale ateri kubwa, hasa aota inayotoka kwenye moyo, inapopoteza uwezo wa kutanuka moyo ukisukuma damu na kurudi moyo ukipumzika. Wanapima kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kwenye kinena, likipita mita 10 kwa sekunde basi mshipa umeshakuwa mgumu.

Sasa kuziba ni kitu kingine. Kuziba ni mafuta yanajijenga kwenye tabaka la ndani la mshipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Kukakamaa kwa mgonjwa wa figo kunatokea sana kwenye tabaka la kati, lile la misuli, kalsiamu inatuama humo na njia inaweza ikabaki wazi kabisa. Mjerumani Mönckeberg aliueleza ugonjwa wa tabaka hilo tangu 1903, yaani sio habari mpya. Figo zikishindwa, fosfeti (madini yaliyomo kwenye vyakula kama dagaa na soda nyeusi) haitoki vizuri, inajaa kwenye damu, na seli za misuli ya mshipa zinaanza kufanya kazi kama seli za mifupa. Ndo maana hata kijana ambaye lehemu (kolesteroli) yake haina shida anaweza kuwa na aota ya mzee. Na ndio, mtu anaweza kuwa na yote mawili, hasa mwenye kisukari.

Hata madaktari wenyewe walianzia kwenye mafuta. Mwaka 1974 Lindner na wenzake wa Seattle, pale pale ambapo daktari Scribner alianzisha dialisisi ya muda mrefu 1960, waliandika kwamba wagonjwa wao wanapata ugonjwa wa mafuta kwenye mishipa kwa kasi kuliko kawaida, na wazo hilo likashika. Alafu 1999 watafiti Blacher na Gérard London na wenzao kule Ufaransa wakafuatilia wagonjwa 241 wa dialisisi wakaona ugumu wa aota wenyewe, tena baada ya kuhesabu umri na mambo mengine, unatabiri nani yuko hatarini kufa. Na dawa za kushusha lehemu zilipojaribiwa kwa watu waliokuwa tayari kwenye dialisisi, Ujerumani 2005 na tena kwenye utafiti mkubwa wa AURORA 2009, lehemu ilishuka vizuri tu lakini vifo vya moyo havikupungua kwa kiasi cha kueleweka. (Kama mgonjwa wako alikuwa anazitumia kabla ya dialisisi usimwachishe, hilo muulize daktari wake.)

Moyo unaumia hivi: kusukuma damu kwenye mpira laini na kuisukuma kwenye bomba la chuma sio kazi moja. Namba ya juu ya presha inapanda, ya chini inashuka, unakuta 170 kwa 70, na watu wanafurahia ile 70 wakati moyo wenyewe unapata damu yake zaidi pale unapopumzika, yaani kwa nguvu ya ile namba ya chini. Kwa hiyo misuli ya moyo inanenepa kwa kazi, inahitaji damu zaidi, na inapata kidogo, alafu ukija kwenye mashine na kilo nyingi za maji ya kutolewa ndani ya masaa 4 presha inaporomoka na moyo unakosa tena.

Kwa hiyo dada, kupunguza mafuta hakuna ubaya, ila cha kuhangaika nacho zaidi ni chumvi na maji katikati ya sesheni, hiyo soda nyeusi, dagaa ongea na mtu wa lishe wa pale kliniki ujue apewe kiasi gani, vile vidonge vya kukamata fosfeti mama avimeze pamoja na chakula maana akivimeza tumbo tupu havina cha kukamata, na kwenye daftari lake la presha andika namba zote mbili.