Kupunguza chonge si kung'oa meno

Kila inapotajwa habari ya tumbili wa kufugwa, hakosi mtu wa kusema, "Huyo hana neno, ameshang'olewa meno." Ukichunguza, mara nyingi hata hajui mnyama alifanywa nini.

Kupunguza chonge ni kufupisha yale meno manne yaliyochongoka, mawili juu na mawili chini, ya mnyama aliye kifungoni, ili aking'ata asipasue nyama kwa kina. Huwa ni kazi ya daktari wa mifugo, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba watu huchanganya kazi tatu tofauti. Iliyo nyepesi ni kusaga ncha kidogo bila kufikia kiini, na jino linabaki zima. Nyingine ni kukata chonge hadi iwe sawa na meno jirani, na hapo ndipo penye mambo. Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva, na kwa mnyama kijana kiini hicho ni kipana. Ukikata umekifungua. Daktari anayejua kazi yake huondoa sehemu ya juu ya kiini, huweka dawa kama kalsiamu hidroksaidi, huziba, kisha baadaye hupiga eksirei kuona kama jino bado liko hai. Mwenye koleo hukata na kumwacha mnyama hivyo hivyo. Vijidudu huingia, kiini huoza, jipu hutunga kwenye mzizi, na tumbili huendelea kula kana kwamba haumwi. Wala jino halioti tena kama la sungura.

Kung'oa ni kazi nyingine kabisa. Mzizi wa chonge ni mrefu, umezama ndani ya taya. Kuutoa ni kupasua ufizi na kuchonga mfupa, na taya la chini linaweza kuvunjika.

Hata neno "salama" linatumika ovyo. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kinapinga kung'oa au kupunguza meno mazima ya jamii ya nyani, isipokuwa kwa tiba au utafiti ulioidhinishwa, na sababu mojawapo ni kwamba mnyama bado anaweza kujeruhi vibaya kwa meno yaliyobaki. Mwaka 2006 idara ya kilimo ya nchi hiyo nayo ilitangaza kwamba kuondoa chonge bila sababu ya kitabibu si huduma inayofaa. Na kwa rhesus, kima wa Asia anayetumika sana maabara, hatari haiko kwenye urefu wa jino peke yake. Mate yake yanaweza kubeba virusi vya herpesi B, vilivyomuua daktari kijana aliyeng'atwa mwaka 1932. Kidonda kidogo kinatosha kuvipitisha, hata mkwaruzo wa kucha.

Basi ukimwona tumbili mwenye chonge fupi, sema amepunguzwa chonge, kisha uliza kama kiini kilizibwa. Usiseme hana meno. Akiwa mzima wa umri ana meno 32. Toa hizo chonge nne, bado 28 yanang'ata.