Je, mpira wa kamera ya tumbo huziba pumzi?

Wapo wanaoamini kwamba kumeza mpira wa kamera ya tumbo, yaani bomba laini lenye kamera la kutazama ndani ya tumbo, huziba pumzi, hasa ukishikwa na daktari anayejifunza. Mpira huo, unene wake takriban sentimita 1, hupita kwenye umio, njia ya chakula. Hewa ina njia yake, hivyo mgonjwa huendelea kupumua. Kuchefukwa kupo, tusidanganyane. Cha kuogopa zaidi ni chakula kilichobaki tumboni: ukitapika kinaweza kuingia mapafuni, ndiyo maana hata mtori wa asubuhi hukatazwa. Anayejifunza hutakiwa kusimamiwa na mzoefu. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: nani ataushika, nani atamsimamia, umesafishwaje baada ya mgonjwa aliyetangulia?