Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kusoma habari nzima bila kukwama na bado asiielewe?

Mwanafunzi wa darasa la tano anasimama na kusoma kifungu cha habari mwanzo hadi mwisho. Anatua penye nukta, na hata neno refu kama "walivyotuhangaikia" halimkwamishi. Mwalimu anamsifu, kisha anauliza: "Haya, habari hii inahusu nini?" Mtoto anainamia kitabu na kuanza kusoma upya sentensi ya kwanza. Kila aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi anamjua mtoto huyu.

Sehemu ya jibu imo katika Kiswahili chenyewe. Maandishi yetu hufuata matamshi, kwa hiyo anayezimudu silabi anaweza kutamka neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza huhangaika na tahajia kwa miaka. Wetu huvuka kivuko hicho mapema. Ni faida kubwa. Lakini usomaji wake mzuri wa sauti hutufanya tuamini kwamba na maana ameipata, na hapo tunaacha kumpima.

Jaribu mwenyewe na sentensi hii niliyoitunga: "Mkulewa alipefua shugo lake kando ya ndimwa, kisha akajilaza." Nani alipefua? Mkulewa. Alipefua nini? Shugo. Wapi? Kando ya ndimwa. Baadaye alifanya nini? Akajilaza. Umepata alama nne kwa nne, na zaidi ya huko kujilaza hujui lolote lililotokea. Viambishi na mpangilio wa maneno vimekujibia. Sasa jibu hili: je, Mkulewa alijilaza kwa uchovu au kwa furaha? Umekwama, kwa sababu swali hili linadai maana. Maswali ya "nani, nini, wapi" ndiyo yanayojaa katika mazoezi yetu mengi ya ufahamu, na mtoto mjanja huyajibu kwa kutafuta neno la swali ndani ya kifungu na kunakili lililo jirani yake.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: kuelewa maandishi ni uwezo wa kutamka yaliyoandikwa *mara* uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walizidisha, hawakujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa namna gani. Kwa watoto ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani, wanaokikuta zaidi shuleni, ni upande wa pili unaohitaji kulelewa, na haulelewi kwa kuwasomesha silabi zaidi.

Kuna na ujuzi wa mambo. Mwaka 1988, huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wengine walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Na katika kila kundi wapo walioujua mchezo na wasioujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliikumbuka na kuieleza habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo mtoto wa bara asiyejua tanga wala nanga atahangaika na habari ya jahazi, na mwenzake wa Lamu ataielewa kwa wepesi, bila ya mmoja kuwa na akili kuliko mwingine. Dakika tano za kuzungumzia mada kabla ya kufungua kitabu ni sehemu ya somo la ufahamu.

Sasa tuje kwenye marudio, maana hapa ndipo muda mwingi unapotea. Desturi iliyozoeleka ni kugawa kifungu kipya kila siku, kujibu, kusahihisha, kuhesabu alama. Huko ni kupima tu. Katika miaka ya 1970, mtafiti Dolores Durkin alikaa katika madarasa ya Marekani akirekodi vipindi vya kusoma, akakuta kwamba chini ya asilimia 1 ya muda ndiyo iliyotumika kuwafundisha watoto *namna* ya kuelewa. Muda mwingi zaidi ulikwenda kwenye maswali na kazi za kuandika.

Afadhali kifungu kimoja kifupi, kikae siku mbili au tatu. Chukua hiki:

"Mama Saida alichungulia nje, akawaita watoto wote. Saida akakimbilia kamba ya nguo, kaka yake akakunja mkeka wenye mahindi. Walipoingia ndani, kanga moja ilikuwa imelowa."

Uliza: kwa nini mama aliwaita? Wapo watakaosema, "Habari haijasema." Ni kweli, neno mvua halimo. Atakayesema "mvua ilianza kunyesha" umuulize swali ambalo kwangu mimi linazidi maswali yote ya ufahamu: "Umejuaje?" Atataja kamba ya nguo, mahindi, kanga iliyolowa. Wenzake wanasikia kwa masikio yao jinsi dalili tatu zinavyounganishwa na lile wanalolijua kutoka uani kwao. Na mwalimu naye afanye hivyo hadharani, asome na kusema anachowaza: "Hapa sijaelewa, ngoja nirudi nyuma."

Kisha waachie watoto kazi. Annemarie Palincsar na Ann Brown, katika utafiti wao wa mwaka 1984, walifanya kazi na wanafunzi waliosoma vizuri kwa sauti lakini hawaelewi. Wanafunzi hao walipokezana uongozi wa kikundi: kufupisha, kutunga swali, kufafanua palipo pagumu, kutabiri kinachofuata. Uelewa wao ulipanda sana. Darasa la watoto wengi linaweza kufanya hivi kwa vikundi vya wanne au watano, hata kwa kitabu kimoja.

Siku inayofuata, vitabu vifungwe na kila mmoja amsimulie jirani yake habari ya jana. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba kusoma tena na tena husaidia kwa dakika chache, lakini baada ya wiki moja wanaokumbuka zaidi ni wale waliojilazimisha kukumbuka bila kitabu.

Na mkifika kwenye maswali ya kuchagua, msiishie kwenye jibu sahihi. Chukueni jibu lisilo sahihi lililowavuta wengi, tuseme B, muulizane ni neno gani katika kifungu lililowafanya walipende, na ni sentensi ipi inayolikataa.