Malkia kwa Ndoa: Siku Tisa za Maryna Mniszech

Neno "malkia" katika Kiswahili hubeba watu wawili tofauti: mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe, na yule aliyepata cheo hicho kwa kuolewa na mfalme. Huyu wa pili ndiye malkia kwa ndoa. (Kumwita "malkia mwenza" kunapotosha, kwa kuwa kwetu mke mwenza ni yule anayechangia mume na mwenzake.) Kwa kawaida hana mamlaka ya kutawala, heshima yake hutoka kwa mumewe, na mume akifa, yeye hubaki mjane wa mfalme.

Maryna Mniszech aliikataa kanuni hiyo. Alikuwa binti wa Jerzy Mniszech, mtawala wa jimbo la Sandomierz nchini Poland, na aliolewa na mtu aliyejitangaza kuwa Dmitry, mwana wa Tsar (mfalme) Ivan wa Nne wa Urusi, na ambaye wanahistoria humwita Dmitry wa Uongo wa Kwanza. Ndoa ilifungwa Kraków Novemba 1605, bwana harusi akiwa Moscow, akitawala kama Tsar, na mjumbe wake akisimama mahali pake. Tarehe 8 Mei 1606, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, Maryna alipakwa mafuta matakatifu na kuvikwa taji katika Kanisa Kuu la Uspensky, ndani ya Kremlin, ngome ya watawala huko Moscow, kisha ndoa ikabarikiwa siku hiyohiyo. Wake wa watawala waliomtangulia hawakuwahi kuvikwa taji, na baada yake heshima hiyo haikumfikia mke wa mtawala mwingine hadi Catherine wa Kwanza, mwaka 1724. Tena Maryna alikuwa Mkatoliki mgeni ambaye hakubatizwa upya, jambo lililowaudhi viongozi kadhaa wa Kanisa. Siku tisa baadaye waasi waliivamia Kremlin na kumuua mumewe.

Maryna alishikilia kwamba taji halikufa pamoja na mume, na kwa maoni yangu hoja hiyo ilikuwa na uzito, maana mafuta yalipakwa kichwani mwake yeye. Mwaka 1608 alimkubali Dmitry wa Uongo wa Pili, mlaghai mwingine aliyejiita Dmitry, kana kwamba ndiye mumewe aliyenusurika. Mwaka 1610 alimwandikia Mfalme Sigismund wa Tatu wa Poland akidai kiti cha Moscow. Mwanawe Ivan, aliyezaliwa 1611, alirithi dai hilo, na kwa sababu yake alinyongwa hadharani Moscow mwaka 1614, akiwa na miaka mitatu. Mama yake alifia kifungoni.